Maziwa Hayaoshi Mapafu

Mpunga ukishavunwa na kukauka, mashine za kukoboa hapa Kyela hufanya kazi kutwa. Ukipita karibu na mashine, mjini Kyela, Ipinda au Makwale, utaona wingu la vumbi juu ya paa. Utawaona vijana wanaobeba magunia na kumimina mpunga. Nyusi zao zimekuwa nyeupe. Nywele zao zimekuwa nyeupe kama za wazee. Jioni kazi inapokwisha, kijana hukung'uta nguo na kunawa uso. Kisha hununua maziwa, au hupewa maziwa na mwenye mashine. Huyanywa akiamini kwamba yataosha vumbi lililoingia kifuani.

Imani hii imeenea sana. Utaisikia kwenye mashine za mpunga, kwenye matanuri ya matofali, kwa wapasua mbao na kwa wachimba migodi. Wako waajiri wanaogawa maziwa kila siku, na wakishayagawa huona wamemaliza wajibu wao.

Maoni yetu katika ukurasa huu ni haya: maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaoshi mapafu hata kidogo. Anayempa mfanyakazi maziwa bila kumkinga na vumbi, amempa chakula tu, hakumpa kinga. Na mfanyakazi anayeridhika na maziwa anajidanganya. Hasara yake ataiona baada ya miaka mingi, wakati ambapo mapafu yaliyoharibika hayawezi kurudishwa. Vumbi huzuiwa kabla halijaingia kifuani. Tueleze kwa nini.

Kooni mna njia mbili

Nyuma ya ulimi kuna njia mbili. Njia moja ni ya chakula na maji. Hii huteremka hadi tumboni. Njia ya pili ni ya hewa. Hii huteremka hadi kwenye mapafu. Unapomeza, njia ya hewa hufungwa na kifuniko kidogo ili chakula kisiingie humo.

Je, maziwa hupita wapi? Maziwa hupita njia ya chakula. Huenda tumboni, hayaendi kwenye mapafu. Kila mtu anaweza kuthibitisha jambo hili. Kumbuka siku uliyopaliwa na maji au uji. Tone moja tu lilipotea njia, ukakohoa mpaka machozi yakakutoka. Kama maziwa yangekuwa yanaingia kwenye mapafu, kila anayekunywa angepaliwa. Basi maziwa na vumbi havikutani. Vumbi liko kwenye mapafu na maziwa yako tumboni.

Wengine husema, "Lakini nikinywa maziwa, koo hulainika." Hiyo ni kweli. Koo lililokauka hulainika ukinywa maziwa, na hulainika vilevile ukinywa maji au uji. Lakini koo ni kama kizingiti cha nyumba. Kizingiti kikiwa safi, huwezi kusema kwamba chumba cha ndani kimefagiliwa.

Mapafu hujisafisha yenyewe

Ndugu msomaji, usidhani kwamba mwili wako umeachwa bila ulinzi. Mtu mzima huvuta hewa lita 10,000 hivi kwa siku moja. Hesabu kwa madumu ya lita 20: ni madumu 500. Anapofanya kazi nzito huvuta zaidi. Hewa yote hiyo ina vumbi. Kama mapafu yasingekuwa na njia ya kujisafisha, yangejaa tukiwa bado watoto.

Mapafu yana walinzi wa namna tatu.

Mlinzi wa kwanza ni pua. Ndani ya pua mna nywele na unyevunyevu. Vumbi kubwa hunaswa hapo. Ukipenga kamasi baada ya kupepeta mpunga, utaona kamasi limekuwa jeusi au la kahawia. Hiyo ni kazi ya pua.

Mlinzi wa pili ni ute pamoja na vinywele vidogo sana. Ndani ya mabomba ya hewa kuna ute unaonata. Vumbi lililopita puani hunata kwenye ute huo, kama inzi anavyonata kwenye asali. Chini ya ute kuna vinywele vidogo mno ambavyo macho hayawezi kuviona. Vinywele hivyo hupigapiga kwa pamoja, mara kumi au zaidi kwa kila sekunde. Daima hupiga kuelekea juu. Husukuma ute wenye vumbi, milimita chache kila dakika, mpaka ufike kooni. Ukifika kooni unaumeza bila kujua, au unautema kama kohozi. Kazi hii haikomi, mchana na usiku. Katika mtu mwenye afya, vumbi lililonaswa kwenye mabomba makubwa hutolewa kwa muda wa siku moja hivi. Kukohoa ni msaada wa kazi hiyo. Kikohozi ni ufagio wa nguvu.

Mlinzi wa tatu yuko mwisho kabisa wa njia ya hewa. Mabomba ya hewa hugawanyika kama matawi ya mti, na kila tawi huwa jembamba kuliko lililotangulia. Mwisho wake kuna vifuko vidogo vya hewa. Vifuko hivi ni mamia ya mamilioni. Hapo ndipo damu hupokea hewa safi na kutoa hewa chafu. Ngozi ya vifuko hivi ni nyembamba mno, na humo hamna vinywele vya kufagia. Badala yake mna chembe hai zinazotembea kama askari wa doria. Zikiona chembe ya vumbi au kijidudu, hukimeza. Nyingine huondoka na mzigo huo hadi palipo na vinywele, ukapandishwa juu. Lakini kazi hii ya chini ni ya polepole. Vumbi lililofika huko huchukua wiki, miezi, au hata miaka kutoka.

Vumbi baya zaidi ni lile usiloliona

Watu wengi huogopa vumbi wanaloliona. Kumbe vumbi kubwa hunaswa puani na kwenye mabomba ya juu. Vumbi linalofika kwenye vifuko vya hewa ni lile dogo sana.

Ni dogo kiasi gani? Chukua milimita moja uigawe mara elfu moja. Kila sehemu huitwa mikroni. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi linaloweza kufika chini kabisa ya mapafu huwa na upana wa chini ya mikroni 5. Yaani ni jembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi.

Unaweza kuliona vumbi dogo kwa njia moja. Ingia ndani ya nyumba yenye tundu kwenye paa wakati jua linawaka. Tazama mwale wa jua unaopita hapo tunduni. Utaona vitu vidogo vinaelea, havitaki kuanguka. Hewa uliyoidhani safi, kumbe ina vumbi. Na lililo dogo kuliko hilo huwezi kuliona hata kwenye mwale wa jua. Kwa hiyo mashine ikizimwa, usiseme vumbi limekwisha. Vumbi kubwa limeanguka, lakini dogo bado linaelea.

Kwa nini walinzi hushindwa?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kama mapafu hujisafisha, kwa nini watu huugua kwa vumbi? Sababu ni nne.

Kwanza, wingi. Mkulima wa Kyela anajua kazi ya mfereji shambani. Maji yakiwa ya kiasi, mfereji hupeleka maji na matope yake bila shida. Lakini mito yetu, Songwe, Kiwira, Mbaka au Lufilyo, ikifurika na kuleta mchanga mwingi kwa siku moja, mfereji huziba. Mapafu nayo ni hivyo. Vumbi la siku moja hutolewa. Lakini vumbi jingi la kila siku, tangu asubuhi mpaka jioni, msimu baada ya msimu, huwazidi walinzi nguvu. La jana halijatoka na la leo limeingia.

Pili, ufagio kuvunjika. Moshi wa sigara hulemaza vile vinywele vidogo, na ukizidi huviua. Ute huongezeka lakini hakuna wa kuusukuma. Ndiyo maana mvutaji wa sigara hukohoa sana asubuhi. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao hudhuru njia za hewa. Mafua makali pia hudhoofisha vinywele kwa muda. Basi kijana anayefanya kazi kwenye vumbi na huku anavuta sigara, anaongeza takataka na papo hapo anavunja ufagio.

Tatu, kupumua kwa mdomo. Mtu anayebeba gunia la kilo 100 hawezi kupumua kwa pua peke yake. Hufungua mdomo ahemwe. Hapo mlinzi wa kwanza ameachwa kando, na vumbi limepata njia ya mkato.

Nne, sumu. Liko vumbi linalowaua wale askari wa doria. Vumbi hilo hutokana na silika, madini yaliyomo katika mchanga na katika mawe mengi. Askari humeza chembe ya silika kama anavyomeza vumbi lingine. Lakini silika humwua. Akifa, chembe ile hubaki palepale, na askari mwingine huja kuimeza, naye hufa. Kila kifo huleta uvimbe kidogo. Mwisho mahali hapo hufanyika kovu.

Kovu la ngozi unalijua. Ni gumu, halinyooki kama ngozi nzuri. Pafu lenye makovu nalo haliwezi kutanuka vizuri. Mtu huanza kuchoka anapopanda kilima. Baadaye huchoka kwa kutembea. Mwisho hukosa pumzi hata akiwa amekaa. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Mara nyingi huonekana baada ya miaka kumi au zaidi ya kuvuta vumbi la silika. Vumbi likiwa jingi sana, huja mapema zaidi. Tena makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi hiyo. Hakuna dawa inayoondoa makovu hayo. Maziwa hayawezi, asali haiwezi, wala pombe haiwezi.

Vumbi letu la hapa

Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya migodini. Hapa kwetu ni mpunga na kokoa." Hebu tuangalie.

Ganda la mpunga lenyewe lina silika. Mpunga huinyonya kutoka ardhini na kuiweka kwenye ganda. Ndiyo maana ganda huwasha na kukwaruza. Ukilichoma mpaka likawa majivu, zaidi ya asilimia 80 ya majivu hayo ni silika. Moto ukiwa mkali sana, silika hiyo inaweza kugeuka kuwa ya aina iliyo mbaya zaidi kwa mapafu. Basi wewe unayechoma matofali kwa pumba, majivu unayoyafagia yakiwa makavu si kitu cha kuchezea. Mwaka 1984 madaktari wa Malaysia, nchi inayolima mpunga kama sisi, walieleza maradhi waliyoyaona kwa wafanyakazi wa mashine za mpunga: macho kuwasha, ngozi kuwasha na kifua kubana. Picha za eksirei za baadhi yao zilionyesha madoa kwenye mapafu. Pumba zilizolala mpaka zikaota ukungu nazo zina hatari yake. Vumbi lake huweza kuleta homa na kubanwa kifua.

Wako pia wafinyanzi. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wanajulikana kote ziwani kwa vyungu vyao. Udongo ukiwa mbichi hautoi vumbi. Hatari ipo wakati wa kuponda udongo mkavu na kufagia mahali pa kazi.

Tena vijana wetu hawabaki Kyela. Katika miaka ya 1930 wazee wa Unyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu huko Lupa, Chunya. Baadaye wengi walikwenda kwenye shaba ya Zambia na dhahabu ya Afrika Kusini. Tangu mwaka 1988, mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulipofunguliwa katika wilaya ya Ileje, wako waliofanya kazi chini ya ardhi hapa jirani. Na leo vijana wanakwenda Chunya kutoboa mwamba na kusaga mawe kwenye makarasha.

Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen, nchini Norwei, walitoa matokeo ya kupima vumbi katika mgodi mmoja wa makaa ya mawe hapa Tanzania. Waliona kwamba waliokuwa wakitoboa mwamba ili kufungua njia mpya ndio waliovuta vumbi jingi kupita wengine. Na vumbi hilo lilikuwa na silika.

Huko Afrika Kusini wachimba dhahabu wenye silikosisi walizishtaki kampuni. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliridhia mapatano ya kuwalipa fidia ya jumla ya randi bilioni 5 hivi. Ni fedha nyingi. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki hawakurudishiwa pumzi zao. Fidia humsaidia mjane kununua chakula. Hainunui pafu jipya.

Usikiite kila kikohozi "cha vumbi"

Liko jambo la hatari kuliko yote, nalo hutokea hapa kwetu kila mwaka. Mtu anayefanya kazi kwenye vumbi huanza kukohoa. Mkewe akimwuliza, hujibu, "Ni vumbi la mashine, litatoka." Hunywa maziwa, kisha hungoja. Wiki mbili hupita, mwezi hupita. Kumbe ni kifua kikuu.

Silika na kifua kikuu ni marafiki. Askari wa mapafu waliodhoofishwa na silika hawawezi kupigana vizuri na vijidudu vya kifua kikuu. Kwa hiyo mtu mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Na anapongoja nyumbani, anawaambukiza mke, watoto na wenzake wa kazi.

Fuata kanuni hii: ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati au kituo cha afya ukapime makohozi. Usingoje wiki mbili kama unatema damu au unakosa pumzi. Nenda pia ukiona unakonda, unatokwa jasho jingi usiku au una homa za jioni. Mwambie mganga kazi unayoifanya na miaka uliyoifanya. Usimfiche, maana itamsaidia kujua afanye vipimo gani. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Dawa humezwa kwa kawaida miezi sita, na mgonjwa anayezimaliza hupona. Silikosisi haiponi, lakini kifua kikuu hupona. Kwa nini basi mtu afe kwa ugonjwa unaopona, eti kwa sababu aliuita vumbi?

Bibi zetu walijua

Je, tufanye nini? Jibu liko uwanjani kwako. Mama anapotaka kufagia uwanja wakati wa kiangazi, hunyunyiza maji kwanza, kisha hufagia. Hangoji vumbi lipande ndipo atafute maziwa. Bibi zetu walifanya hivyo bila kusoma kitabu. Huo ndio utaalamu wenyewe: zuia vumbi pale linapoanzia.

Kwa mwenye mashine. Mpunga hauwezi kulowekwa, hiyo tunajua. Lakini bomba la kutolea pumba linaweza kurefushwa litoke nje, upande ambao upepo hauurudishi ndani. Mdomo wake unaweza kufungwa gunia au kuingizwa kwenye chumba cha pumba. Kuta zinaweza kuachiwa nafasi kubwa za hewa. Sakafu isifagiliwe ikiwa kavu. Inyunyizwe maji kwanza mahali pasipo na mpunga wala mchele, mbali na nyaya za umeme.

Kwa kijana wa mashine. Vaa barakoa ya vumbi inayobana vizuri puani na kidevuni. Kitambaa kilichofungwa usoni huzuia vumbi kubwa tu. Lile dogo hupita. Kitambaa ni afadhali kuliko kukaa uso wazi, lakini usikitegemee. Pokezaneni mahali penye vumbi, asikae mtu mmoja kutwa nzima. Badili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Acha sigara.

Kwa mchimbaji. Usitoboe mwamba mkavu. Maji yamwagike pale penye ncha ya chombo. Usikae kwenye vumbi la karasha. Mfinyanzi naye aloweshe udongo kabla ya kuuponda, na apanguse mahali pa kazi kwa kitambaa chenye maji.

Kwa mama. Unapopepeta, simama upepo ukitoka nyuma yako au ubavuni, upeleke makapi mbali na uso. Mtoto asiwe mgongoni. Mtoto mchanga hupumua kwa haraka kuliko wewe, hata mara 40 kwa dakika, na mapafu yake bado yanakua. Jikoni weka dirisha au tundu la moshi, na upike kwa kuni zilizokauka.

Wenye mashine watasema, "Mambo haya ni gharama." Ni kweli kwamba bomba na barakoa hununuliwa. Lakini na maziwa hununuliwa. Mwenye mashine apige hesabu ya maziwa ya msimu mmoja, aone kiasi gani cha bomba na magunia angepata. Wala hatusemi maziwa yaachwe. Mtu anayebeba magunia anahitaji chakula bora, na maziwa ni chakula bora. Tunachosema ni kwamba yasitolewe badala ya kinga. Vijana nao wakiulizwa, wasidai maziwa tu. Wadai hewa safi.

Hili ni jambo la kijiji

Mtu mmoja hawezi kulishinda vumbi peke yake. Kijana anayeogopa kupoteza kibarua hatamwambia tajiri wake arefushe bomba. Mgonjwa wa pumu anayekaa karibu na mashine hawezi kuhama. Mwalimu hawezi kuzuia vumbi la mashine lisiingie darasani. Kwa hiyo jambo hili ni la kijiji kizima.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na madhara ya kazi. Nayo sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kinaweza kuamua kwamba mashine mpya isijengwe karibu na shule, zahanati au kisima. Kinaweza kuamua kwamba kila mashine iwe na mahali pa kufungia pumba, na kwamba watoto wasifanye kazi kwenye vumbi.

Tusiseme haiwezekani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma pamoja, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wamejifunza kusoma. Hawakuwa na fedha nyingi. Walikuwa na jembe, ufagio na uamuzi wa pamoja. Choo kilizuia uchafu usifike kwenye maji. Bomba la pumba litazuia vumbi lisifike kwenye mapafu. Kazi ni ileile.

Ndugu msomaji, mapafu yako yamepewa walinzi hodari. Hufanya kazi usiku na mchana bila kudai mshahara. Hawahitaji kuoshwa kwa maziwa. Wanahitaji wasizidiwe. Wapunguzie mzigo, usiwavunjie ufagio, nao watakutunza mpaka uzeeni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Maziwa tunayokunywa hupita njia gani? Kwa nini hayawezi kufika lilipo vumbi?

2. Taja walinzi watatu wa mapafu. Ni nani kati yao anayelemazwa na moshi wa sigara?

3. Katika kijiji chetu, vumbi jingi linatoka wapi? Nani wanalivuta zaidi?

4. Je, yupo mwenzetu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Nani atamsindikiza zahanati, na lini?

5. Ni jambo gani moja ambalo tunaweza kumwomba mwenye mashine alifanye kabla ya msimu ujao? Nani atalipeleka kwenye mkutano wa kijiji?